Orkide Mlangoni

Ng'ambo ya mto, kwa wakwe zetu wa Bukavu, baba yangu haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa Papa Orkide. Watoto wa dada yangu wamelijua jina hilo kabla ya kujua mengine mengi, na wanalitaja kwa upendo, kwa sababu hawajui lilitoka wapi. Wakubwa wanajua. Wanalitamka wakiwa wamefunika mdomo kidogo, kama mtu anayeficha pengo la jino, kisha wanaangaliana.

Hapa Kamembe, upande wetu wa mto, neno orkide limetumika mpaka limechakaa. Saluni iliyo juu ya kituo cha mabasi inaitwa hivyo. Sabuni ya kuogea yenye rangi ya zambarau ni orkide. Kitenge cha zambarau, hata kiwe kimechorwa samaki, muuzaji atakukunjulia na kukwambia rangi yake ni orkide, mama, inakufaa. Zaidi ya yote, orkide ni yale maua meupe ya plastiki yanayoning'inia nyuma ya kiti cha bibi harusi. Yanakodishwa Jumamosi, yanafuliwa Jumapili kwenye beseni la sabuni ya unga, yanaanikwa kwenye kamba pamoja na shuka, na Jumamosi nyingine yanarudi kazini. Kwenye vitabu nimekuta wanaandika okidi, na wanaeleza kwamba ni ukoo mkubwa wa mimea, kwamba mingi kati yake hukaa juu ya miti mingine bila kuinyonya, mizizi ikiwa hewani. Kwetu hakuna aliyehitaji maelezo hayo. Orkide ilikuwa heshima, na heshima ilikuwa inakodishwa.

Baba ni fundi wa nguo. Tangu nilipopata akili namkumbuka nyuma ya cherehani kwenye baraza ya nyumba yetu, akishona kanzu za Idi, sare za shule na suti za mabwana harusi. Kisha macho yakaanza kumwacha. Alianza kwa kuniita mimi nimtungie uzi kwenye sindano. Baadaye, nilipohamia Kigali kwa ajili ya uandishi wangu, akawa anamwita yeyote anayepita. Siku moja akakata mikono miwili ya kushoto kwa koti moja. Mwenye koti hakugomba. Alisema tu, "Papa, si upumzike sasa," na neno hilo lilimuuma baba kuliko tusi.

Hapo ndipo vanila ilipoingia nyumbani kwetu. Alikuwa amekwenda mazikoni Bukavu, na nyuma ya nyumba ya marehemu akaona mmea unaotambaa juu ya miti midogo, mnene kama kidole na kijani kama nyoka wa majani. Akauliza. Akarudi na vipande vyake vimefungwa kwenye gunia lenye maji, akavipanda Rwimbogo, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, pale palipokuwa pameota muhogo. Tukamcheka. Vanila ni mmea wa kusubiriwa. Mwaka wa kwanza unatambaa tu, wa pili unatambaa tu, na wa tatu, ukipenda, unatoa ua. Ua lenyewe linafunguka asubuhi, na kufikia mchana limekufa. Kwetu hakuna mdudu anayejua kulihudumia. Ni lazima mtu aende shambani asubuhi hiyo hiyo, ua kwa ua, akiwa na mwiba wa mlimau. Ndani ya ua kuna ngozi nyembamba inayotenganisha dume na jike. Unaiinua kwa ncha ya mwiba, unabonyeza kwa dole gumba, basi. Ua lililobonyezwa linabaki na kuanza kuwa ganda, na ganda ndilo linalouzwa. Lisilobonyezwa linaanguka.

Baba aliita kazi hiyo kufungisha ndoa. "Haiko kazi ya macho," aliniambia, akichezesha vidole vyake hewani. "Ni ya hivi. Hivi bado havijazeeka."

Nilielewa. Cherehani ilikuwa inamtoa, na yeye alikuwa ameona mlango mwingine ambao angeweza kuupapasa na kuingia. Ndiyo maana kwa miaka mitatu hakutusikiliza tulipocheka.

Ua la kwanza lilipochanua, alilipiga picha kwa simu yake, picha iliyotikisika, na kila aliyeleta suruali kupunguzwa alionyeshwa. Kati yao alikuwamo mwanamke anayepamba harusi, jirani yetu, ambaye baba humshonea vitambaa vya meza. Mpambaji huyu alikuwa amesomea kazi yake Kigali. Aliitazama picha kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili.

"Papa, hii ni orkide."

"Apana. Ni vanila."

"Vanila iko ya ukoo wa orkide. Walitufundisha. Weye uko na orkide ya kweli shambani, na unanyamaza?"

Na ilikuwa kweli. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Mtu aliyekuwa ameshona suti za watu waliokaa mbele ya maua ya plastiki sasa alikuwa na kitu chenyewe, kimeota kwenye udongo wa mama yake. Kuanzia siku hiyo hakusema tena vanila. Alisema, "Naenda kuona orkide zangu."

Posa ya dada yangu ilikuwa imekwisha kufika, na wiki chache kabla ya harusi wakwe wakavuka mpaka kuja kupanga mambo ya mwisho. Walikuja wanawake wengi kuliko wanaume. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kustarehe, aliyekaa kwenye kochi letu kama aliyelinunua. Mpambaji aliletwa aeleze nyumba yetu itakavyopambwa. Akatoa kwenye mfuko shada la maua yake meupe kama mfano.

Yule shangazi wa Bukavu alilishika kwa ncha za vidole, akalinusa, akampa mwenzake.

"Inanuka Omo," akasema.

Wakacheka wote, hata wetu, kwa adabu.

"Tusameheane, bamama," akaendelea. "Kwetu bibi harusi anakaa mbele ya maua yenye imekufa kwa ajili yake. Hii plastiki itakuwa hai hata siye tukiisha kufa. Lakini kila mutu na uwezo wake. Si mbaya."

Hilo "si mbaya" lilitanda chumbani kama moshi wa jiko. Shangazi yetu, dada mdogo wa baba, aliyemlea dada yangu tangu mama alipofariki, aliinamisha uso akaanza kupanga upya vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa. Baba, ambaye siku kama hizo hukaa kimya na kuwaacha wazee wengine waseme, akakohoa.

"Orkide ya kweli ninayo," akasema. "Shambani kwangu. Imeota."

Chumba kikamgeukia. Shangazi wa Bukavu akapiga makofi taratibu.

"Papa! Kumbe tunaoa kwa tajiri! Basi tutaiona siku ya harusi, inshallah."

"Inshallah," wakaitikia wote, na baba naye akaitikia, kwa sababu neno hilo halikataliwi.

Kwetu, neno lililosemwa mbele ya wakwe siku kama hiyo si mazungumzo. Likisemwa kwamba kutakuwa na ng'ombe, ng'ombe ataonekana, hata kama ataazimwa. Baba alijua hivyo. Lakini nadhani moyoni alijiambia kwamba amesema ninayo, hakusema nitaileta. Aliiweka tofauti hiyo mfukoni, akarudi kwenye kazi zake. Shangazi yetu yeye hakuiona tofauti yoyote. Aliona kaka yake ameahidi, na kaka yake ni mwanamume, wanaume huahidi na wanawake ndio hutafuta.

Wiki ya harusi iliangukia katikati ya msimu wa maua. Kila siku baada ya sala ya alfajiri baba alipanda pikipiki kwenda Rwimbogo, akafungisha ndoa zake, na kabla ya chai alikuwa amerudi kupokea wageni, kanzu ikiwa na vumbi pindoni. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama alipokuwa hai. Alikuwa akikaa na wageni, mkono wake mfukoni ukiuchezea mwiba.

Siku moja kabla ya harusi, mimi nilikuwa chumbani na dada yangu, hina haijakauka mikononi mwake, nikimlisha maandazi kama mtoto. Tulisikia pikapu ya mpambaji ikiondoka. Shangazi alikuwa amesema wanakwenda kuchukua ndizi za kupikia. Waliporudi jioni, vitu vilivyoshuka viliingizwa nyumba ya jirani. Sikuuliza. Nyumba yenye harusi ina vitu vingi vinavyoingia na kutoka.

Asubuhi ya harusi baba aliniomba twende pamoja. "Ukaone kabla hujarudi Kigali," alisema. Alikuwa amevaa kanzu yake mpya, ile aliyoishona mwenyewe kwa kupapasa, kwa sababu alitaka akirudi asipoteze muda wa kubadilisha. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka mabondeni, na dereva wangu akanipongeza kwa harusi kana kwamba ni yangu.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu macho yangu ni mazima. Miti midogo ilikuwa imesimama mitupu. Vishada vyote vya maua vilikuwa vimekatwa, na si vishada tu. Kamba zenyewe za mmea, zile nene zilizochukua miaka mitatu kupanda na kushuka, zilikuwa zimekatwa karibu na ardhi na kuvutwa zote, zikaacha visiki vifupi vinavyotoa maji mazito. Majani makavu aliyokuwa ameyatandika chini yalikuwa yamekanyagwa. Kulikuwa na alama za tairi.

Baba alikuwa akitembea mbele yangu na mwiba wake mkononi. Alifika kwenye mti wa kwanza, akainua mkono pale alipozoea kukuta ua, akakuta hewa. Akausogeza mkono juu kidogo. Akausogeza chini. Kisha akaenda mti wa pili.

"Wezi," nikasema.

"Apana." Aliinama, akaokota kitu, akakileta karibu na miwani. Yalikuwa maganda machanga, yale ya maua aliyokuwa amekwisha kuyabonyeza siku zilizotangulia, yameanza kurefuka, membamba kama njiti za kibiriti. Mtu alikuwa ameyachambua kutoka kwenye vishada na kuyatupa, kwa sababu yaliharibu sura. "Mwizi angechukua haya. Hii ni mikono ya mutu mwenye kupamba."

Akayaokota yote aliyoweza kuyapata, mengine kwa kupapasa, magoti ya kanzu nyeupe kwenye udongo, akayatia mfukoni. Tukarudi Kamembe.

Nyumba ya jirani ilikuwa imejaa wanawake. Sebuleni kulikuwa na ndoo za maji, na kwenye ndoo vishada vyetu, na asubuhi hiyo, kwa sababu ua halijui limekatwa, kila kishada kilikuwa kimefungua ua lake la siku. Sitasema uongo. Yalikuwa mazuri. Rangi yake ni ya kijani iliyopauka, kama siagi iliyokaa karibu na jani, na midomo yake imekunjamana kama pindo la kitambaa chepesi. Shangazi alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa upande, amefurahi, akimwita baba yaya, kama wamwitavyo kaka mkubwa.

"Yaya, umeona? Watakuja kuona orkide! Watakufa leo, bale bamama ba Bukavu! Nilisema nikufanyie surprize."

Baba alichuchumaa mbele ya ndoo ya kwanza. Akatoa mwiba mfukoni, akashika ua kwa mkono wa kushoto kama anavyoshika kitambaa, akainua ile ngozi nyembamba, akabonyeza kwa dole gumba. Akaenda kwenye ua la pili. La tatu. Kwa namna alivyokuwa akifanya, taratibu, bila kuruka hata moja, ungesema bado kuna kitu cha kungojea.

"Papa," mpambaji akasema kwa upole, "utazikunja. Picha bado."

"Kaka, unafanya nini mbele ya batu?" Shangazi akaanza kuogopa. "Si itaota tena? Maua si inaota tena? Hata maharage ukichuma…"

"Umekata na kamba," baba akasema.

"Ni ya mlango wa nyumba. Mpambaji alisema mlangoni iwe majani ya kweli. Yaya, ulisema mbele ya bakwe. Ulisema weye mwenyewe. Ungetaka batuite baongo?"

Na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Baba alikuwa amesema. Shangazi alikuwa amechukua neno lake, akalibeba kwenye pikapu, akalirudisha nyumbani likiwa kwenye ndoo, akitegemea kushukuriwa. Hakukuwa na mtu wa kumgombeza katika chumba kile. Angekuwapo, baba angepumzika.

Alisimama, akafuta mwiba kwenye kanzu, akaenda kunawa.

Wakwe waliingia baada ya adhuhuri. Kufikia hapo maua yalikuwa yamefanya kile ambacho maua ya vanila hufanya. Yalikuwa yamefunga. Yalining'inia nyuma ya kiti cha dada yangu, malegevu, rangi imegeuka kama ya mboga iliyosahauliwa juani, na hayakuwa na harufu yoyote, kwa sababu harufu ambayo watu huijua hutoka kwenye ganda, baada ya miezi ya kuanikwa na kufunikwa. Mpambaji alikuwa amekimbia huku na huku na chupa ya kunyunyizia maji. Haikusaidia. Mwishowe akaleta yale ya plastiki, akayachomeka katikati, na hayo ndiyo yaliyoonekana hai.

Shangazi wa Bukavu alisimama mbele ya kiti muda mrefu. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama daktari.

"Hii njo orkide?"

"Ndiyo, njo yenyewe," shangazi yetu akasema kwa sauti ndogo.

"Bamama," akawaita wenzake bila kugeuka, "mukuje muone. Kamembe balitupikia majani ya sombe, lakini balisahau kuitia mafuta."

Kicheko kilitoka sebuleni kikafika uani walikokaa wanaume. Mmoja akauliza kinachochekwa, akaambiwa, naye akamwambia mwingine. Baba alikuwa amekaa mbele ya shehe, tayari kumwoza binti yake. Nilimwona kupitia dirisha. Alipoulizwa, alijibu kwa sauti iliyo wazi, kila neno mahali pake, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na mkwe wake na mwingine juu ya mfuko wenye yale maganda machanga. Dada yangu akaozwa. Jioni, wakati wa kuaga, kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akampungia mkono: "Kwaheri, Papa Orkide!" Hakukusudia ubaya. Ndiyo maana jina likashika.

Nilirudi Kigali. Nilipokuja tena nyumbani, miezi kadhaa baadaye, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka na baba alikuwa amekaa kando yake barazani, mikono juu ya magoti. Shamba alikuwa amewaachia majirani wapande muhogo. Shangazi alinipokea, na kabla sijashusha mzigo akanivuta mkono mpaka mlangoni.

Kamba za vanila zilizopamba mlango hazikuwa zimeondolewa. Baada ya harusi kila mtu alidhani mwingine angeziondoa. Nyingi zilikauka. Lakini moja ilikuwa hai. Kwenye kiungo chake ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mnene, uliokuwa umeshuka hewani ukatafuta kitu cha kushika, na haukupata mti, ukashika fremu ya mlango, ukajibandika kwenye rangi ya mafuta kwa nguvu hivi kwamba rangi ilikuwa imeanza kupasuka.

"Ona," shangazi akanong'ona. "Inataka kuishi. Ninaipa maji kila Ijumaa. Mwambie papa yako. Mi hanisikilizi. Mwambie tuirudishe shambani, tukate vipande, tupande upya."

Nikamwambia. Hakugeuza kichwa.

"Miaka mitatu," akasema. "Hivi leo nakuona weye kama kivuli cha nguo kwenye kamba. Baada ya miaka mitatu vidole vitauliza macho, na macho hayatakuwako."

"Basi tukuondolee. Usiwe unapita chini yake kila siku."

"Iache." Hakupaza sauti. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha maji. "Alitaka mlango uwe na orkide. Mlango uko nayo."

Shangazi akapanda kwenye kigoda, akaumwagilia mzizi taratibu, matone yakianguka kwenye bega lake. Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. Akaenda jikoni.

Tangu hapo imepanda. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa imepita juu ya mlango na kufika kwenye mabati, majani yake manene yanang'aa, na wageni wanaoinama kuingia hudhani tumeipanda kwa ajili ya urembo. Siku hiyo nilivuta droo ya cherehani kutafuta kifungo, nikaukuta mwiba wa mlimau, umelazwa kwenye pamba pamoja na sindano nzuri. Nikauweka kwenye kiganja cha baba. Aliujua kabla haujatulia.

"Na ikichanua?" nikamuuliza.

Aliugeuza mwiba kati ya dole gumba na kidole cha pili, mara moja, kama anayepima ncha. Kisha akanirudishia.

"Ikichanua," akasema, "mwite mpambaji."